Kifundo cha Mama na Hesabu ya 2008

Watu 3,561.

Hiyo ndiyo idadi ya majeruhi iliyoandikwa kwenye ripoti ya Tume ya Waki, Oktoba 2008, kando ya ile nambari nyingine tunayoijua zaidi: watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wafu tunawakumbuka kila uchaguzi ukikaribia. Majeruhi tunadhani walipona. Plasta ikakatwa, mtu akarudi sokoni, faili ikafungwa.

Lakini kuna kiungo kimoja mwilini ambacho hakikubali kufungiwa faili haraka hivyo, nacho ni kifundo cha mguu. Nyonga na goti mara nyingi huchakaa kwa sababu ya umri na uzito. Kifundo sivyo. Kifundo chenye afya kinaweza kukubeba hadi miaka 80 bila neno. Madaktari waliochunguza watu wenye baridi yabisi kali ya kifundo wamekuta kwamba walio wengi, karibu saba kati ya kila kumi ama zaidi, waliwahi kuumia hapo zamani: mfupa ulivunjika, ama kano zilikatika, na gegedu lile laini linalofunika ncha za mifupa likachubuka. Mtu anaendelea na maisha. Gegedu halioti tena vizuri. Linalika kidogo kidogo, na baada ya miaka 10, 15, hata 20, mfupa unaanza kusaga mfupa.

Kwa hivyo ukitaka kujua kwa nini mtu wa miaka 49 anachechemea leo, uliza alikuwa wapi miaka kumi na kitu iliyopita. Kwetu Nakuru swali hilo linaweza kukupeleka mahali ambapo watu hawapendi kwenda.

Alhamisi tarehe 24 Januari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walipeana mikono nje ya Harambee House, Kofi Annan akiwa nao. Nchi ikapumua. Nakuru haikupumua. Usiku huo na siku zilizofuata mji uliwaka, na ilipofika Ijumaa kafyu ilikuwa imetangazwa. Sisi tulikuwa tunakaa Kaptembwa. Nilikuwa na miaka minane. Mama alinipitisha juu ya ukuta wa ploti kwanza, halafu akaruka yeye, mdogo wangu akiwa amefungwa mgongoni kwa leso. Upande wa pili kulikuwa na mtaro. Mguu wa kulia uliingia mtaroni ukiwa umepinda.

Alitembea na mguu huo. Hiyo ndiyo sehemu ambayo daktari wa mwaka jana aliuliza mara mbili: alitembea? Alitembea hadi Showground, ambako maelfu ya watu walikuwa wanakusanyika, na alikaa siku nne kabla ya mtu yeyote mwenye ujuzi kuutazama. Alipata plasta ya wiki sita. Baadaye, uvimbe ulipokataa kushuka, jirani alimpeleka kwa mzee mmoja wa kunyoosha mifupa. Kadi yake ya hospitali ya wakati huo bado ipo, imekunjwa ndani ya Biblia. Kwenye sehemu ya chanzo imeandikwa neno moja: kuanguka. Kama mtu aliyeteleza bafuni.

Sijui kama Mama yumo ndani ya wale 3,561. Kwa kadi hiyo, pengine hayumo.

Bonde la Ufa halikuanza jana kuchagua ni mchechemeo wa nani uandikwe. Soma historia yoyote ya walowezi na utakutana na Lord Delamere, yule wa Njoro na Soysambu, ambaye simba alimrarua mguu huko Somalia miaka ya 1890 akachechemea hadi kifo chake mwaka 1931. Jina la Msomali aliyembebea bunduki na kumrukia yule simba ili kumwokoa, Abdullah Ashur, linatajwa katika sentensi moja, halafu anapotea. Kisha soma kuhusu wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale waliotupatia jina la Kariokor. Miguu yao iliharibiwa na mwendo, na funza, na mizigo. Hao wameandikwa kwa maelfu, bila majina. Mguu wa mtu mmoja una wasifu, miguu ya maelfu ina jumla tu.

Nayataja haya kwa sababu mwaka jana tulipewa uamuzi wa kufanya, na nilipoanza kuutafiti niligundua kwamba uamuzi wenyewe una historia yake. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Kitu nilichotoka nacho ni mazoea ya kusoma makala mpaka mwisho, pamoja na yale maandishi madogo. Basi nikasoma.

Uamuzi ni huu. Kwenye eksirei ya Mama, ile nafasi nyeusi ambayo inafaa kuonekana kati ya mfupa wa muundi na mfupa ulio chini yake, talasi, haipo tena. Dawa za maumivu, kiatu cha kufunga, fimbo, sindano: zote zimejaribiwa. Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kuunganisha: daktari anakwangua gegedu lililobaki, anabana muundi na talasi kwa skrubu ama bamba la chuma, na mifupa miwili inaota ikawa mmoja. Maumivu yanakwisha kwa sababu hakuna tena kiungo cha kuuma. Ya pili ni kubadilisha: ncha za mifupa zinakatwa na kuvishwa chuma, plastiki ngumu inakaa katikati, na kifundo kinaendelea kukunjika.

Ukiambiwa hivyo haraka, yeyote atasema ya pili. Nani anataka mguu usiokunjika? Mimi nilisema ya pili. Mdogo wangu akasema ya pili. Mama alinyamaza.

Kuunganisha ndiko kwa zamani. Mwaka 1879 daktari Eduard Albert wa Vienna aliandika kuhusu upasuaji aliomfanyia binti wa miaka 14 aliyepooza miguu. Hakuwa anatibu maumivu. Binti huyo alikuwa na viungo vinavyolegea kama kamba, na Albert aliona kwamba mguu usiokunjika ni bora kuliko mguu usiosimama. Kwa miaka mingi baada yake hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya upasuaji huu: polio, na kifua kikuu kinachokula viungo, magonjwa mawili yaliyolemaza watoto wengi kabla ya chanjo na dawa. Ukiwaona wazee wa Bonde la Ufa wanaotembea na mguu mwembamba ulionyooka, unaona dunia ile ambayo Albert alikuwa anaitibu.

Mwaka 1951 Mwingereza John Charnley alieleza namna ya kubana mifupa ya kifundo kwa nguvu kutoka nje ili ishikane upesi na kwa uhakika zaidi. Charnley huyu ndiye aliyekuja kubadilisha tiba ya nyonga. Alijaribu plastiki ya aina moja, ikachakaa vibaya ndani ya wagonjwa wake, akaiacha, na kuanzia mwaka 1962 akatumia nyingine iliyodumu. Nyonga bandia tunazozisikia leo, zile bibi wa mtu anawekewa akarudi kanisani akitembea, ni watoto wa kazi hiyo.

Mafanikio ya nyonga ndiyo yaliyowapa watu hamu ya kujaribu kifundo. Mwaka 1970 Wafaransa wawili, Lord na Marotte, walichukua muundo uliofanana na ule wa nyonga, wakaugeuza juu chini, wakaingiza mhimili wake kwenye muundi na kikombe cha plastiki kwenye mfupa wa kisigino. Waliwafanyia wagonjwa 25. Kumi na wawili walishindwa kabisa. Waliopata matokeo ya kuridhisha walikuwa saba tu. Kitu ninachowaheshimu nacho ni kwamba waliandika ukweli huo hadharani, na wakapendekeza madaktari warudi kwenye kuunganisha.

Kwa nini nyonga ikubali na kifundo kikatae? Kwanza, kifundo ni kidogo na mzigo ni ule ule. Ukitembea, eneo dogo la mfupa linabeba uzito wako wote mara kadhaa kila hatua. Pili, kifundo si bawaba ya mlango. Kinakunjika huku kikizunguka kidogo, kwa hivyo chuma kilichogandishwa kwa saruji kilikuwa kinalegea. Tatu, ngozi ya hapo ni nyembamba, kidonda kinaweza kukataa kufunga. Na nne, ambayo ndiyo inayotuhusu: wagonjwa wa nyonga ni wazee, ila wagonjwa wa kifundo wengi waliumia wakiwa vijana, wanafika kwa daktari wakiwa bado na miaka 30 ya kusimama mbele yao.

Kizazi kilichofuata kilijifunza. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, Buechel na Pappas nchini Marekani na Håkon Kofoed nchini Denmark walibuni vifundo visivyogandisha kila kitu. Kipande cha plastiki kiliachwa kiteleze kati ya vyuma viwili. Kile cha Kofoed kilikubaliwa rasmi na wadhibiti wa Marekani mwaka 2009. Kwa hivyo ukisikia kifundo bandia ni kitu kipya, ni kweli na si kweli. Wazo lina zaidi ya nusu karne. Kuaminika kwake ndiko kupya.

Mashabiki wa boli wanaweza kuikumbuka historia hii kwa watu wawili. Marco van Basten alicheza mechi yake ya mwisho ya maana mwaka 1993, fainali ya Ulaya mjini Munich, akiwa na miaka 28. Kifundo kilikuwa kimekwisha. Baada ya upasuaji mmoja baada ya mwingine, aliunganishwa. Mguu ukaacha kukunjika na maumivu yakaacha kumtesa. Gabriel Batistuta alistaafu 2005, na miaka baadaye alisimulia kwamba vifundo vyake vilimuuma kiasi cha kumwomba daktari amkate miguu. Daktari alikataa. Mwaka 2019, huko Uswisi, Batistuta aliwekewa kifundo bandia mguu wa kushoto. Alikuwa na miaka 50, karibu umri wa Mama.

Nilimwonyesha Mama picha ya Batistuta kwenye simu. Akaitazama sana.

"Huyu anafanya kazi gani siku hizi?"

"Hafanyi, Mama. Ana pesa."

"Ehe," akasema, na kunirudishia simu.

Nilidhani sayansi itatuamulia. Mwaka 2022 Waingereza walichapisha matokeo ya jaribio kubwa, wagonjwa 303 wa kati ya miaka 50 na 85, waliogawanywa kwa bahati nasibu: nusu waunganishwe, nusu wabadilishiwe. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na tofauti kati yao katika kutembea na kusimama haikuwa ya kutosha kusema hili limeshinda lile. Waliobadilishiwa walipata shida zaidi za kidonda. Waliounganishwa walipata zaidi damu kuganda, na wachache wao mifupa ilikataa kushikana.

Kuna pia utafiti wa Marekani wa mwaka 2001, wa wagonjwa 23 waliounganishwa vifundo na kufuatiliwa kwa wastani wa miaka 22. Kifundo chenyewe kilitulia, lakini viungo vya jirani, vilivyo chini na mbele yake, vilikuwa vimechakaa kwa wengi, kwa sababu vilifanya kazi ya yule aliyestaafu. Hiyo ndiyo bei ya kuunganisha, na hulipwa polepole. Bei ya kubadilisha ni nyingine: plastiki inaisha, chuma kinalegea, na siku moja, pengine baada ya miaka 10 ama 15, itabidi mtu afungue tena. Akifungua atakuta mfupa umepungua. Kuunganisha mguu ambao umeshatolewa mfupa ni kazi ngumu kuliko kuuunganisha mwanzoni.

Nikagundua kwamba takwimu zote hizi zinajibu swali la watu wanaoishi karibu na daktari wao. Hakuna aliyeuliza kuhusu choo cha shimo.

Mama aliuliza. Siku ya kuonana na daktari wa mifupa, hospitali moja nje ya Nakuru, alikuwa amejiandaa kuliko mimi niliyekuwa na kurasa 40 za noti.

"Daktari, mimi nauza viazi. Gunia zinaingia saa kumi na moja asubuhi kutoka Molo, nasimama mpaka jioni. Choo cha ploti ni cha kuchuchumaa. Sasa niambie, hiki kifundo kipya kitanichuchumaza?"

Daktari hakucheka. Alimwomba akunje mguu kadiri anavyoweza. Ulikunjika kidogo sana, kama mlango uliozuiwa na zulia. Akaeleza kitu ambacho sikuwa nimekielewa katika kusoma kwangu kote: kifundo bandia huhifadhi zaidi ule mkunjo ulionao kuliko kukurudishia ule ulioupoteza. Kama hujachuchumaa kwa miaka mitatu, usitarajie chuma kikuchuchumaze.

Na Mama hajachuchumaa kwa miaka mitatu. Nyumbani kuna kiti cha plastiki tulichokikata tundu katikati, na hicho ndicho anachobeba kwenda chooni. Kile tulichokuwa tunaogopa kukipoteza kilikuwa kimeshaondoka.

"Na hicho cha chuma kikiharibika," akauliza tena, "spea naipata wapi?"

Hilo ni swali la mtu wa Nakuru, mji wa gereji, ambapo hata dereva wa matatu anajua usinunue gari ambalo spea yake inaagizwa ng'ambo. Daktari alijibu kwa uwazi. Nyonga na magoti yanabadilishwa katika hospitali nyingi nchini siku hizi. Kifundo ni kazi adimu zaidi, chombo chenyewe huagizwa, na mtu wa kukifungua tena baada ya miaka 12 lazima awe anaijua aina ile ile. Skrubu za kuunganisha ziko karibu, na waliozoea kuzitumia ni wengi. Tulipigiwa hesabu mbili. Ile ya kubadilisha ilikuwa juu sana kwa sababu ya hicho chombo, na hata ukiongeza bima na mchango wa kundi la WhatsApp la ukoo, pengo lilibaki.

Ningependa kusema pesa haikuamua. Iliamua kwa sehemu, na sioni haja ya kuificha. Lakini nilipoandika sababu za kila upande kwenye karatasi, za Mama zilisimama hata bila pesa. Ana miaka 49, ataishi kuliko plastiki. Anasimama saa kumi na mbili kwa siku na kubeba mizigo. Mkunjo wa kuokolewa ni kidogo. Anaishi mbali na fundi wa chombo. Kama angekuwa na miaka 68, mwepesi, mkunjo wake uko sawa, vifundo vyote viwili vibovu, ama viungo vya jirani vimeshaanza kuuma, karatasi ingegeuka, na ningempigania apate kifundo bandia hata kama ni kuuza shamba. Kwa hivyo usisome hapa kwamba kuunganisha ndiko bora. Soma kwamba swali la "kipi bora" halijibiki mpaka uongeze maneno "kwa nani, anayefanya nini, anayeishi wapi".

Mama mwenyewe aliliweka kwa ufupi tukiwa kwenye matatu ya kurudi. "Hiki cha kuunganishwa kikishika, kimeshika. Hicho kingine nitakuwa mtu wa kurudi kurudi."

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya walioathiriwa na dhuluma za kihistoria, wakiwemo wa 2007 na 2008. Fidia ya aina hiyo, hata pale inapofika, huwaza kuhusu aliyepoteza nyumba, shamba, mtu. Mwaka 2008 kifundo cha Mama kilikuwa kimevunjika na kupona, kwa karatasi. Mwaka 2015 alikuwa anachechemea asubuhi tu. Leo ndipo bili imefika. Mtaani kwetu si yeye peke yake. Wako wanaume walioruka kutoka ghorofani, wako vijana wa wakati huo waliopigwa rungu miguuni, sasa wamefika umri ambao gegedu linaisha. Hakuna tume itakayokaa tena kuwahesabu, kwa sababu kwa serikali tukio lile liliisha tarehe 28 Februari 2008, mkataba ulipotiwa sahihi.

Basi kama nyumbani kwenu kuna mtu anayechechemea na mnasema tu ni uzee, muulize ilianza lini. Andika tarehe. Tafuta kadi ya zamani. Daktari ataihitaji kwa sababu za kitabibu, na wewe utaihitaji kwa sababu nyingine.

Upasuaji ni mwezi ujao. Karani aliyejaza fomu alifika sehemu ya chanzo cha jeraha na kuanza kuandika neno lile lile, kuanguka. Mama akamzuia kwa mkono, kwa adabu. Akamwambia aandike: aliruka ukuta, Kaptembwa, Januari 2008, akikimbia vita, akiwa na watoto wawili. Karani akasema nafasi haitoshi. Mama akamwambia aandike hata pembeni, na karani akaandika pembeni.

Wiki nyingi baada ya hapo hataruhusiwa kukanyaga, na miezi kadhaa atatembea na magongo. Viazi nitauza mimi. Gunia zinaingia saa kumi na moja.